Asidi Isiyo na Povu

Kampuni iliposhindwa kabisa kulipa mishahara, ililipa asidi. Usicheke. Watu wa karakana ya umeme waligawiwa nyaya, watu wa bustani wakapewa majembe yasiyo na mipini, na wale wa ofisini, kama ilivyo desturi yao, walikuwa wameshagawana meza na viti kabla ya kuambiwa lolote. Watu wa kiwanda cha asidi pale Panda, kando ya mji wa Likasi, waliitwa getini wakapigiwa hotuba ndefu juu ya subira na uzalendo. Hotuba ilipokwisha, kila kiongozi wa zamu alikabidhiwa pipa moja la chuma, limejaa pomoni, limekazwa kizibo, akatakiwa safari njema. Kiwanda kilikuwa kimezimwa. Salfa haikuja tena, mabehewa hayakuja tena, na aliyethubutu kuuliza yatakuja lini aliambiwa asilete siasa.

Théophile alirudi kambini akilisindikiza pipa lake juu ya mkokoteni, kifua mbele, kana kwamba analeta bibi harusi. Mkewe Hélène alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Alimwacha afike, alimwacha afute jasho, alimwacha hata awalipe wasukuma mkokoteni kwa kibaba cha unga wake wa mwisho.

"Njo mushahara?" akauliza.

"Njo mushahara, Mama Dodo. Asidi ya kweli. Quatre-vingt-dix-huit pour cent, tisini na nane kwa mia! Mu Zaïre muzima hautapata ingine ya vile."

"Muzuri. Nipike na majani ya sombe, ao tutaikula paka vile, yenyewe tu?"

Dodo ni kifungua mimba wao, aliyekuwa ameolewa Kolwezi, na ndiyo maana watu walimwita Hélène Mama Dodo. Lakini nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Pilipili, naye alijua, na hakukasirika hata kidogo. Aliona ni sifa. Katika mji ambao wanaume wazima walikuwa wakivaa tai kila asubuhi na kwenda kukaa mbele ya ofisi zilizofungwa, mtu mwenye ulimi mkali alikuwa angalau na kitu kinachofanya kazi.

Hélène hakuwa na haja na asidi. Alikuwa na haja na mabati, manjanja, kama wanavyoyaita wao. Nyumba ya kambi ilikuwa ya Kampuni, na kwa kuwa kiwanda kimefungwa, walikuwa wameambiwa waiachie kabla ya Noeli. Kwa bahati alikuwa na kiwanja chake katika mtaa wa Kikula, alichokipata kwa kuuza maandazi miaka na miaka wakati mumewe akisubiri kupandishwa cheo. Kiangazi kizima alikuwa amefyatua matofali na kusimamisha kuta za vyumba viwili. Yalikuwa matofali mabichi, kwani kuni za kuyachoma hakuzipata. Kuta zilisimama wima, zimenyooka, na mlangoni aliweka kizingiti cha saruji, kitu pekee cha kitajiri katika nyumba nzima. Lakini kuta hazikuwa na paa. Kila mtu Likasi anajua tofali bichi linavyokuwa likipigwa na mvua kubwa ya kwanza: linarudi kuwa tope. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Kambove, na kila jioni Hélène aliyatazama kwa chuki.

Kwa hiyo pipa lile lilipaswa kuwa paa, na upesi.

Théophile, lo, yeye aliliona pipa kama shahada. Huyu alikuwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hakumaliza chupa ya bia bila kuhubiri juu ya asidi. Bila asidi hakuna shaba, alisema. Bila asidi hakuna mbolea, hakuna betri, hakuna sabuni ya unga, hakuna ngozi ya viatu. Ukitaka kujua nchi imefika wapi, usiangalie bendera yake, angalia inatumia asidi kiasi gani. Kisha akinyanyua kidole, kwa sauti ya padri anayefikia mwisho wa misa, alitoa lile neno lake alilolipenda kuliko yote:

"Na ile asidi yetu, yenye inakulaka suruali, yenye inakulaka nyama ya muntu, inalalaka mu chuma! Mu chuma, kimya, sawa mutoto mu mugongo ya mama yake!"

Wageni walitoa macho, na yeye alikunywa kwa furaha. Hakuwahi kueleza kwa nini. Mchezo wa kiini macho ukishaelezwa, nani atakununulia chupa nyingine? Hélène alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi kuliko Salamu Maria, na kila mara alipiga miayo.

Soko, kwa upande wake, halikuhitaji mahubiri. Tangu kiwanda kizimwe, asidi Kikula ilikuwa imegeuka dhahabu. Umeme ulikatika kila siku, kwa hiyo wenye televisheni waliziwasha kwa betri za gari, na betri hainywi maji matupu. Huko Kambove nako kulikuwa na watu waliochimba mawe ya kijani, wakayaloweka katika asidi, wakatupia vyuma chakavu na kuokota shaba chini. Wote hao walitaka asidi, na wote walipitia kwa mtu mmoja aliyeitwa Ricky.

Ricky alikuwa muuza betri. Kabla ya hapo aliuza soksi, na kabla ya soksi alikuwa akiombea watu wapate visa. Kemia aliijua kama mbuzi anavyoijua misa. Lakini ndiye aliyekuwa na wateja, ndiye aliyekuwa na mabati ghalani, na ndiye aliyetunga kipimo ambacho Kikula nzima ilikifuata. Mwenye kuleta asidi alimwaga kifuniko kimoja juu ya kizingiti cha duka. Saruji ilichemka, povu likapanda, na Ricky akachutama na kulipima kwa vidole vyake, bila kuligusa. Povu la kidole kimoja, bei ya chini. La vidole vitatu, bei nono. Kizingiti chenyewe kilikuwa kimetoboka mashimo kama jino bovu, na Ricky alijivunia mashimo hayo kwa sababu yalionyesha uzoefu.

Théophile alikwenda na chupa ya mfano, amevaa koti lake la Jumapili. Hélène alimfuata, maana hakumwamini mbele ya watu wenye pesa. Mzee akamwaga kifuniko chake kwa madaha. Asidi ikafanya psss, povu dogo likatokea, likafa. Ikabaki imetulia pale juu ya saruji, nzito kama mafuta.

Kisha watu wakaangua kicheko.

"Papa Théo," akasema Ricky, kwa upole wa mtu anayetoa pole za msiba, "hii asidi yako imezeeka. Imekufa."

"Imekufa? Bwana mudogo, hii iko concentrée! Iko na nguvu sana, haina mayi, njo maana haifanye povu! Inajifunika yenyewe pale juu ya ciment, unaelewa? Ni réaction ya—"

"Aah. Kumbe iko na nguvu sana mpaka inashindwa kutumika?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakati huohuo akafika Fortunée, mwanamke wa kando ya soko, na bidoni, dumu la njano ambalo hata mtoto angeona lilikuwa nusu maji ya kisima. Alimwaga. Povu likapanda, likavuka kizingiti, likateremka mpaka karibu na kandambili za Ricky, naye akaruka nyuma akiitikia alleluia. Fortunée alilipwa palepale. Théophile aliahidiwa mabati machache kwa pipa lake zima, ya kutosha kufunika banda la kuku, tena la kuku wenye kupendana.

Njiani Hélène hakunyamaza. Aliwadharau wote wawili na hakujua aanze na nani. Ricky alikuwa mjinga, hilo lilikuwa wazi. Lakini mumewe naye! Mtu anatembea na mali yake mpaka kwa mjinga mwenye mabati, halafu anaanza kumfundisha shule!

"Beko bataka povu," akasema. "Bapatie povu. Tia mayi."

Théophile akasimama katikati ya barabara.

"Jamais, hata siku moja! Asidi ya kazi yangu niitie mayi kama ba mama ya sokoni? Niko na kazi ya miaka yote ile, niibe bantu?"

"Utaiba nani? Kama beko banalipia mayi muzuri kupita asidi, njo soko inasema vile. Weye njo unasemaka uko unajua bintu. Manjanja iko wapi?"

Kesho yake Théophile alijaza baiskeli upepo, akafunga chupa ya mfano ndani ya koti, akaondoka kwenda Kambove kumtafuta Alphonse, mwenzake wa zamani wa kiwandani, ambaye alisikia anapika shaba na bila shaka angejua kutofautisha asidi na mkojo wa punda. Alisema atarudi baada ya siku chache. Hélène alimtazama akipotea barabarani, kisha akatazama mawingu, kisha akaita watu wa mkokoteni.

Alilipeleka pipa Kikula, ndani ya kuta zake zisizo na paa. Kambini kila jirani alikuwa mtu wa kiwanda, na wangemchoma kwa maneno. Kwa jirani yake mpya, Mado, aliazima pipa jingine tupu la chuma, ndoo na mabidoni ya plastiki. Akavaa mabuti ya mumewe, akajifunga mfuko wa plastiki kama aproni, akaanza kazi.

Usidhani alifanya ovyo. Hélène aliishi Panda tangu usichana, na Panda mtoto anajua jambo moja kabla ya kujua ishara ya msalaba: asidi unaimwaga ndani ya maji, kamwe usimwage maji ndani ya asidi, la sivyo itakurukia usoni. Aliweka maji kwanza. Alimimina asidi kidogokidogo, akigeuza uso. Ndoo ilipata moto kama chungu cha bukari, ugali wa kwao, akaiacha ipoe, akaendelea. Siku nzima hiyo na kesho yake. Hakuungua hata kidole, na moyoni alimcheka mumewe aliyehitaji shule na kofia ya chuma kufanya kazi anayoweza kuifanya muuza maandazi.

Jioni ya pili mchanganyiko ulikuwa ndani ya mabidoni, umejipanga ukutani, umepoa. Ndipo Mado alipochungulia mlangoni.

"Mama Dodo, bidons yangu. Kesho niko nachota mayi ya batoto na nini?"

"Kuja uchukue, ndugu yangu. Minye sina kazi nayo tena."

Na kweli aliyamimina yote, moja baada ya jingine, ndani ya mapipa mawili ya chuma, akamrudishia mwenzake plastiki zake, zimeoshwa vizuri, na asante juu. Angekuwa mtu wa Lubumbashi, au mtu wa kijijini, au mtu yeyote wa mahali pengine, angeogopa. Angejiuliza kama asidi haitakula chuma. Lakini yeye alikuwa mke wa Théophile. Alikuwa amelala miaka yote hiyo kando ya mtu anayesema hata usingizini kwamba asidi inalala ndani ya chuma.

Ricky alipoitwa, alikuja na vijana wake, akamwaga kifuniko juu ya kizingiti kipya cha Hélène. Povu! Lilipanda, likajaa, likatiririka pande zote mbili. Ricky alikunja mikono, akatikisa kichwa kwa heshima. Akatega sikio kwenye pipa, akasikia ndani likinong'ona na kutokota taratibu.

"Mama, hii iko inaimba! Hii iko na uzima! Ile ya bwana yako ulitupa wapi?"

"Ile ilikufa," akasema Hélène, bila kupepesa jicho. "Hii njo mutoto yake."

Walikubaliana mabati ya vyumba vyote viwili, na ya jikoni juu yake. Ricky angeyaleta akishapata mkokoteni mkubwa. Alipoondoka, Hélène aliweka kiganja juu ya pipa. Lilikuwa na uvuguvugu, na ule mnong'ono ulikuwa ukiendelea ndani. Alifurahi, naam, alifurahi sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza mwaka ule kitu fulani kilikuwa kikienda kama alivyotaka. Alirudi kambini akapanga maneno atakayomwambia mumewe, na maneno yalikuwa mengi na matamu.

Asubuhi aliyorudi Kikula, alisikia harufu kabla hajafika. Kisha akaona watu. Kisha akaona kwamba anaweza kuliona jiko la Mado, ambalo hapo kabla lilikuwa nyuma ya ukuta wake.

Mapipa yote mawili yalikuwa yametoboka chini. Chuma kilikuwa kimelika mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu, na kilichokuwa ndani kilikuwa kimetoka chote, kimetafuta mteremko, kimejaa kwenye mguu wa ukuta. Tofali bichi haliulizi linanyweshwa nini. Lilikuwa limekunywa, likalegea, likaketi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini mzimamzima, na ule wa pembeni ulikuwa umeinama ukingoja zamu yake. Mbinguni hakukuwa na wingu hata moja. Miezi yote ile alikuwa akiiogopa mvua, na nyumba yake alikuwa ameiangusha yeye mwenyewe, kwa ndoo.

Alikuwa bado amesimama hapo Ricky alipofika na mkokoteni, mabati yamepangwa juu yanang'aa. Ricky alitazama tope, akatazama mapipa. Kisha macho yake yakaangukia kizingiti cha saruji, ambapo mkondo wa mwisho ulikuwa ukipita, na povu jeupe lilikuwa likichemka kwa raha zake.

"Alleluia!" akasema, akachutama, akanyoosha vidole. "Vidole vinne! Mama Dodo, unaona? Minye nilisema! Hii njo asidi!"

Hélène alitafuta neno. Yeye, Mama Pilipili, aliyekuwa na neno kwa kila padri na kila mkurugenzi, alitafuta neno la kumtupia mtu yule aliyechutama kwenye magofu yake akipima povu, na alipata hili tu:

"Iokote basi."

Ricky hakuiokota. Alisikitika kidogo, akaomba Mungu ambariki mama, akageuza mkokoteni na mabati yake.

Théophile alifika alasiri. Hélène alimwona kwa mbali akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, kwa kuwa juu ya kiti na usukani palikuwa na mabati, mafungu mawili, yamefungwa kwa kamba za mpira. Alikuwa amejaa vumbi na alikuwa akitabasamu tangu kona ya soko.

"Alphonse alitia tone moja mu sukari," alipaza sauti kabla hajafika. "Ikakuwa nyeusi kama makaa! Akasema, Théo, hii njo ya kweli, minye nimeitafuta mwaka muzima! Akanipa manjanja hata mbele ya kuona fût, pipa yenyewe! Kesho anatuma bantu baichukue, wote tunasaini, na—"

Hapo akaona. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta uliobaki, akaingia ndani, akainama juu ya pipa moja, akapitisha kidole juu ya ukingo wa tundu. Hélène alingoja ahubiri. Alitaka ahubiri. Alitaka apige kelele, amwite mama wa sokoni, aseme lile jamais lake, ili naye apate pa kumjibia.

"Uliitia mayi," akasema polepole.

"Weye njo ulisemaka inalalaka mu chuma."

Théophile alifuta kidole chake kwenye suruali.

"Ile kali," akasema. "Ile kali njo inalalaka. Ukiitia mayi, inakula chuma. Kule ku kiwanda batoto ya kazi yote balijua."

"Na minye? Miaka yote ile, juu ya nini haukuniambia?"

Alifikiri. Haki lazima isemwe: alifikiri kweli, na aibu ilimpanda usoni kama homa, kwa sababu jibu alilijua. Asingepata mshangao wa wageni. Asingepata chupa ya pili.

"Haukuulizaka," akasema.

Hélène alikuwa na hasira, lakini kwa kila upande aliougeukia alimkuta mtu wa kudharau, na mara hii mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Aliketi juu ya kizingiti kilichotoboka mashimo. Théophile akaketi kando yake, katika suruali yake ya safari, bila kujali kwamba saruji ilikuwa bado na unyevu na suruali ingeisha kesho.

Mabati yalikuwa lazima yarudi Kambove asubuhi. Pipa la Mado lilikuwa lazima lilipwe. Nyumba ya kambi ilikuwa bado inataka kuachwa kabla ya Noeli.

Kuelekea jioni mawingu yalirudi, na safari hii hayakupita. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakaanguka juu ya tope, juu ya mapipa, juu ya mafungu mawili ya mabati yaliyokuwa yamefungwa kwenye baiskeli. Yakalia. Mvua juu ya mabati: ndiyo sauti ambayo Hélène alikuwa ameifyatulia matofali kiangazi kizima, akilala usiku anaifikiria. Alikaa palepale akilowa, akaisikiliza mpaka mwisho.